Kidole Kimoja Juu

Yaya wangu Ngoy, kaka yangu mukubwa,

Hii barua haina bahasha. Nitaipa yule mama wa samaki ku Kashikishi, yule mwenye kucheka na mabega, kwa sababu anavuka ziwa mara kwa mara kwenda Kilwa, ile ya kwetu Kongo. Nitamuomba asiifunge. Kama hakukupata, ampe mwingine anayepanda kuelekea upande wa kwetu, na yule asome, naye ampe mwingine. Ninajua watu watasoma mambo yangu. Unajua vile ninaona haya. Mpaka leo mwalimu akiita jina langu mu klasi, sauti inanikimbia na wenzangu wanaitikia kwa ajili yangu. Lakini simu yako haiingii, na sina njia nyingine. Kwa hiyo weye unayesoma na si yaya wangu, soma tu. Ukimuona kijana mwembamba anayepigapiga meza na vidole wakati anangojea chakula, ni yeye. Mupe.

Yaya, unakumbuka siku tulitafuta kamba? Ile nyembamba ya gitare, ya chini kabisa, ilikatika wakati ulikuwa unanifundisha, ikanichapa ku shavu, weye ukacheka mbele ya kuuliza kama nimeumia. Hapa Mantapala, mu kambi ya wakimbizi, hakuna mutu anayeuza kamba za gitare. Tukapanda nyuma ya gari lililobeba unga, tukaenda ku bandari, ukaanza kuuliza wavuvi nailoni. Muzee mumoja aliyekuwa anashona wavu akaangalia gitare, akakuangalia weye, akauliza kwa Kibemba utavua samaki gani na ile mashua yenye tundu katikati. Ukamujibu na Kibemba chako kile kibaya kwamba samaki wako ni wasichana wa korali, wale wanaoimba ku kanisa. Watu wote wakacheka. Mie nikaangalia chini, nikahesabu magamba ya samaki ku viatu vyangu, lakini ndani nilikuwa ninacheka kuliko wote. Alikupa kipande cha nailoni bure. Mpaka leo ndicho kinachoimba ku gitare, na mpaka leo jua likiwaka sana kinalegea, ninakikaza, kinalegea tena.

Nyumbani ulikaa ku ndoo iliyopinduliwa, mie ku mukeka. Ulinifundisha akordi ya do kwanza, kamba zikiimba pamoja. Kidole cha tatu huku, cha katikati huku, cha kwanza huku chini ku kamba ya pili. Vidole vyangu viliwaka moto. Niliposema vinauma ulisema vizuri, vinaanza kuzaliwa. Halafu fa, ile iliyonishinda, kwa sababu kidole cha kwanza kinapaswa kulala juu ya kamba mbili na changu hakitaki kulala, kinasimama tu kama mutu aliyealikwa mahali asipojua mutu yeyote. Ulisema kinafanana na mie.

Na kulikuwa wimbo wako. Ule wa mama, usio na jina, uliotunga mvua ya kwanza ilipotukuta hapa, wakati kiwanja chetu kilikuwa matope na Mama alikuwa anazungumza kila siku juu ya mulango wa nyumba yetu kule, vile ulikuwa unalia ukifunguliwa. Katikati ya wimbo, baada ya neno "mulango", unanyamaza, na gitare linatoa sauti moja peke yake. Sauti ile haikuwa do na haikuwa kitu kingine nilichojua. Ilikuwa kama do iliyofika mahali na kusahau imefuata nini.

Niliuliza kama ulikosea. Ukatikisa kichwa.

"Haiko mbaya. Iko nangojea."

Nikaomba unionyeshe. Ukafunika vidole na mukono mwingine, kama mutoto anayeficha mukate, ukasema kwanza nijue do bila kulia, ile nyingine utanionyesha ukirudi.

Maana ulikuwa umeshaamua kwenda. Ulisema ni kuona tu: kama nyumba inasimama, kama kuna mutu analala mu chumba chetu, kama shamba la babu limeliwa na majani. Ulisema utarudi mbele Mama hajavuna mihogo. Ku Kashikishi, mbele ya kuingia mu boti, uliniachia gitare, ukaniambia nisiliache likae na baridi. Nilitaka kusema usiende. Nilikuwa na lile neno mu mdomo, lilikuwa limeiva. Nikasema, "Bon, sawa." Injini ikawaka.

Yaya, mihogo ilivunwa. Ikalowekwa, ikaanikwa, ikasagwa. Yule mama wa samaki alituambia alikuona Kilwa, muzima, ukipanda kamio, lori ya kwenda upande wa Pweto, na ukamusalimia kwa jina. Hiyo ndiyo habari ya mwisho. Mama anaitumia kama chumvi, kidogo kidogo: "Alimusalimia kwa jina." Anaisema wakati anakoroga bukari ya unga wa mihogo, anaisema kwa jirani, na mie ninaondoka niende kuchota maji hata kama ndoo zimejaa.

Sasa nikuambie jambo la kiti.

Unajua desturi ya korali yetu. Mutu akisafiri, kitambaa chake cha buluu kinakunjwa na kuwekwa ku kiti chake, na hakuna anayekikalia. Kikitoka, kinatolewa na mukono wake mwenyewe akirudi, ao na mukono wa mutu wa nyumba yake. Chako kiko pale tangu uliondoka. Kila Jumapili watu wanajibana ku benchi, na katikati kuna kiti chako kimekaa peke yake kama chifu. Tuliimba na ngoma tu, bila gitare. Kwa kweli, Yaya, nilipenda wakiimba vibaya. Nilitaka Mungu asikie vile unakosekana.

Papa Presidenti wa korali alivumilia. Halafu habari ikaja kwamba korali ya Puta inakuja kutembelea kanisa letu, na ndipo alikuja nyumbani, akakaa, akasifu mihogo, akasifu mvua, akasifu paa, mpaka Mama akamuuliza amekuja kununua nyumba. Akasema hapana, amekuja juu ya kiti. Mama akasema gitare liko na mutoto wake musichana, ulizeni yeye. Wote wawili wakaniangalia. Nikasema yaya atarudi. Nilisema kwa sauti ya chini, na Papa Presidenti akasema ndiyo, atarudi, na wageni watarudi kwao bila kusikia kitu.

Ku repetisyo, wakati korali inajizoeza, Mama Furaha wa soprano, unamujua ulimi wake, aliuliza mbele ya watu wote, "Sasa ile kiti iko namulinda Ngoy, ao mudogo yake iko nalinda kiti?" Walicheka, na si kwa ubaya. Lakini nilienda nyumbani na njia ya nyuma ya mashamba, ili nisikutane na mutu.

Nilikuwa ninaogopa nini? Nitasema, kwa sababu ku karatasi hakuna anayeniangalia. Niliogopa kwamba nikiinua kile kitambaa na mukono wangu, mahali pako patafunga. Kama maji unapotoa muguu.

Na hata ningekubali, ningepiga nini? Ninajua do, ninajua sol, fa yangu ni ya mashaka, na ile sauti yako sina. Niliitafuta, Yaya. Niliitafuta kama mutu anayetafuta ufunguo mu majani. Nilimuomba Chanda, yule rafiki yangu wa klasi, musichana wa Nchelenge ambaye baba yake anafundisha hapa. Alitafuta picha za akordi ku simu yake. Wao, kwa Kiingereza, do wanaiita C, ile nilishazoea, mu kichwa changu kuna masomo mawili na yanapishana vizuri tu bila kugongana. Tukaona picha moja, pembeni kumeandikwa C na saba: ya saba kubwa. Vidole viwili tu. Sasa kioo cha simu ya Chanda kimepasuka, na ufa unapita palepale ku kamba ya pili. Nikasema, kidole cha kwanza kimefichwa na ufa. Chanda akasema kwa Kiingereza, labda hakipo. Nikamuambia haiwezekani, do bila kidole cha kwanza ni do ya mutu aliyesahau. Nikaongeza kidole. Nikapiga. Ikatoka do, ileile ya siku zote. Nikasema hiyo ya saba ni jina tu la kujivunia.

Ona vile ninasoma vizuri, Yaya. Ninasahihisha mpaka vitu vilivyo sawa.

Halafu nilijikata. Nilikuwa ninamenya mihogo, kisu kikateleza, kikaingia ku kidole cha kwanza cha mukono wa kushoto. Mama alikifunga na kitambaa kikawa kikubwa kama gunzi. Muchana ule Mama alikuwa inje anachekecha unga, na mie nilikuwa ndani, na nilikumbuka kwamba gitare lisikae na baridi. Nikalichukua ili nilipapase tu. Nikaweka kidole cha tatu, nikaweka cha katikati. Cha kwanza nikakiacha juu, kwa sababu ya maumivu. Nikapiga.

Ilikuwa ile.

Ilikuwa ile sauti yako, mu nyumba, mu mukono wangu. Hukuwa umeongeza kitu, Yaya. Muda wote nilitafuta kidole gani unaongeza, na ulikuwa unaondoa. Kamba ya pili ikiachwa wazi inaimba noti ya si, na noti ile inakaa karibu kabisa na do, inagusa ukuta wake, lakini haiingii. Nikapiga tena, polepole, vile unafanya baada ya neno "mulango".

Inje chekeche ikanyamaza.

"Ngoy?"

Hakupiga kelele. Alisema jina lako kama mutu anayeuliza bei ya kitu anachokitaka sana. Halafu akaingia mu mulango, mikono myeupe ya unga, na macho yake yalinipita, Yaya. Yalinipita juu ya kichwa, yakaenda ku kona, yakaenda ku kitanda chako, yakarudi. Ndipo yakaniona.

Nitakuambia ukweli wote. Mbele macho yake hayajarudi nilikuwa na furaha. Kidogo tu: nilipiga kama weye. Halafu yaliporudi sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata siku ya boti. Mu nyumba tulikuwa wawili, na wote wawili tulikuwa tunakutafuta weye.

Mama alishika mwimo wa mulango. Alama ya mukono wake wa unga iko pale mpaka leo, sijaifuta. Nikafikiri ataniambia niache. Niliweka gitare chini. Akasema:

"Piga tena. Nijue kama ni weye."

Nikapiga. Akasimama anasikiliza, akaitikia na kichwa kidogo, mara moja, kama mutu anayepokea mugeni asiye yule aliyemungojea, lakini mugeni. Akarudi ku unga wake. Jioni, wakati tunakula, nikamuuliza juu ya kiti. Alitafuna kwanza.

"Ile ni kitambaa, mutoto wangu. Haiko kaburi."

Wageni wa Puta walikuja Jumapili hii iliyopita. Kanisa lilijaa mpaka watoto wakakaa ku madirisha. Nilienda mpaka ku kiti chako. Niliinua kitambaa. Nilifikiri nitasikia kitu kinafunga. Nilisikia Mama Furaha nyuma yangu akiwanyamazisha wenzake, yeye mwenyewe, nikajua kweli hii ni siku kubwa. Kitambaa nikakifunga ku shingo ya gitare, na nikakaa pembeni ya kiti, upande mumoja, kama mutu anayekalia kitu cha mutu atakayerudi sasa hivi.

Tukaimba wimbo wako. Fa yangu haikulala hata ile siku, kidole kilisimama na kamba ya nailoni ikaimba wazi, na sasa ninajua kwamba hata ile ina jina, nayo ni ya saba. Miezi yote ile niliona haya juu ya fa iliyoharibika, kumbe ilikuwa dada ya ile sauti yako. Tulipofika ku neno "mulango" nikainua kidole. Unajua vile Papa Presidenti alikuwa anakunja uso pale, akifikiri unakosea kila wiki. Sasa mukono wake ulibaki hewani. Watu wote walibaki hewani. Mama alikuwa benchi ya tatu, hakuangalia mulango wa kanisa. Aliniangalia mie.

Lakini mwisho, Yaya. Weye unamaliza wimbo ku do. Unashusha kile kidole, na kila mutu anajua amefika nyumbani, wanakaa. Mie nilifika pale, kidole kikiwa juu, kidonda kimeshapona, hakuna kilichonizuia. Sikukishusha. Nikaacha sauti iende mpaka ikaisha yenyewe. Watu hawakujua kama wakae ao wasimame. Papa Presidenti baadaye aliniuliza kama nilisahau mwisho. Nikasema hapana, na nilisema kwa sauti, mpaka yeye mwenyewe akashangaa.

Nitakalia kiti chako kila Jumapili, upande mumoja. Nailoni nitaikaza. Mama yuko muzima, anakusalimia kwa jina.

Na wimbo wako nitaupiga vile vile kila mara, haujaisha, kidole kiko juu. Kuya huku ukishushe mwenyewe.

Ni mie,
mudogo wako