Difu Iliyochomelewa na Kona ya Tatu

Malindi, Jumapili baada ya alasiri. Jua bado kali, hakuna hata jani linalotikisika, na mikono yangu inanuka mafuta ya difu. Nimeiosha mara tatu kwa sabuni, mara ya nne kwa ndimu, harufu bado ipo. Mke wangu Rukia amelala kwenye kochi, mtandio umemwanguka begani, viatu hajavua. Mimi nimekaa mbele ya kompyuta nikiwa bado nimeduwaa kwa niliyoyaona asubuhi, na sijui nianze wapi.

Nianze na uongo.

Waliokuwa wakisoma ukurasa huu mwaka jana wanakumbuka nilivyoeleza ajali yetu. Kwa mgeni: mimi ni fundi wa majokofu, na nina gari la michezo la zamani, la milango miwili, la rangi ya samli. Binti yetu Salma alilipa jina hilohilo, Samli. Mara moja kwa mwaka tunakutana wenye magari ya kale na kushindana kwenye barabara ya udongo kule Marafa. Dereva mmoja, na pembeni yake msomaji wa daftari anayemtajia kila kona kabla haijafika. Mimi huendesha, Rukia husoma. Ni mwalimu wa shule ya msingi, sauti yake inasikika hata injini ikiwa imekasirika.

Mwaka jana tulipanda ukingo wa udongo kwenye kona ya tatu, na Rukia akavunjika mtulinga. Niliandika hapa kwamba daftari "lilisomwa kwa kuchelewa kidogo". Niliandika kwa upole, nikamsifu kwa ujasiri wake, na wengi mkaacha maoni ya kumpa pole.

Daftari halikusomwa kwa kuchelewa.

Ili nieleze vizuri lazima niseme habari ya difu, na naomba mnivumilie kwa sababu kitu hiki kimeniteka akili. Gari likikata kona, tairi la nje huenda njia ndefu kuliko la ndani. Ni gari moja, kona moja, lakini matairi mawili ya nyuma yana safari mbili zisizolingana. Difu ndilo lile bonge la chuma katikati ya matairi hayo, na ndani yake kuna gia ndogo zinazoyaruhusu kila moja liende mwendo wake huku yote mawili yakisukumwa na injini ileile. Nimeshika vyuma miaka ishirini na sikuwahi kulifikiria jambo hili. Kuna mtu alikaa mahali, akatazama gurudumu likizunguka, akaliona tatizo na dawa yake. Nikimfikiria mtu huyo nahisi udogo wangu.

Ila difu ya kawaida ina udhaifu wake. Tairi moja likipoteza mshiko, nguvu zote hukimbilia hukohuko, tairi likazunguka bure na gari likabaki linanguruma. Kwenye mashindano hilo ni hasara. Ndiyo maana kuna difu maalumu, fundi wangu anaiita difu ya kubana, inayozuia tairi moja lisitoroke na nguvu zote.

Mimi mwaka jana sikuwa nayo. Na sisi watu wa pwani elimu yetu ya matairi tumeipata mchangani. Muulize mtu yeyote kuanzia Watamu hadi Marereni, atakwambia gari la maana ni lile ambalo matairi yote mawili yanavuta pamoja. Pikapu za kubeba mchanga huchomelewa difu: zile gia ndogo zinagandishwa kwa moto, basi matairi yanakuwa kama yamefungwa kwenye mti mmoja. Mchangani ni dawa kweli. Kwa hiyo jioni moja kabla ya mashindano nilimpeleka Samli Kilifi kwa fundi wa kuchomelea. Maskini, hana kosa. Aliniuliza mara mbili kama gari lile ni la kwenda mchangani. Mara zote mbili nilimjibu ndiyo.

Sikumwambia Rukia. Nilitaka kumshangaza.

Kona ya tatu ni ya kushoto, mbele ya mwarubaini uliokatika tawi. Rukia alisoma "kushoto kali" wakati wake hasa, si mapema, si baadaye. Nikazungusha usukani. Samli akaendelea mbele vilevile, kama punda aliyegoma. Matairi ya nyuma hayakuweza kupishana mwendo, basi yakatusukuma moja kwa moja mpaka ukingoni.

Njiani kwenda hospitali, mkono umefungwa kwa mtandio wake mwenyewe, akanigeukia. "Nisamehe, Baba Salma. Nilichelewa."

Nikamwambia, "Usijali."

Naandika hapa nikiona haya. Mke wangu ameumia kwa ujinga wangu, ananiomba radhi, na mimi namwambia asijali, kana kwamba namsamehe!

Tangu hapo nimeishi mwaka mzima nikimsikia akijifunza upya. Anakaanga vitunguu, anasoma "kushoto kali". Anasahihisha madaftari ya watoto, kidole kinapiga meza kuhesabu. Katika daftari letu la mashindano kuna alama ya penseli inayoonyesha wapi pa kuanza kuisoma kila kona. Ile ya kona ya tatu ameisogeza nyuma mara tano, karatasi imekonda kwa kufutwa. Mimi nikiona hivyo natoka nje kwenda kumwagilia maua. Mwaka huu maua yetu yamestawi sana.

Mwezi uliopita akasema yuko tayari kurudi kwenye kiti chake, mradi gari likaguliwe vizuri. Mashindano ni Jumamosi ijayo. Nikaona hapo ndipo pa kutokea. Nitaitoa difu iliyochomelewa kimyakimya, nitaweka ya kubana, na siri iondoke na vyuma chakavu.

Nikazama mtandaoni wiki tatu. Muuza vipuri vya magari ya kale wa Mombasa akaniachia difu mbili nijaribu, kisha nimrudishie moja. Moja inabana kwa gia za meno ya mshazari, laini, haichakai upesi. Nyingine inabana kwa sahani nyembamba za chuma zilizopangwa pamoja. Ukikanyaga mafuta zinashikana, ukiachia zinalegea. Ile ya gia ndiyo iliyonipendeza, kila mtu mtandaoni aliisifu. Nilikuwa nimeshaamua.

Alhamisi nikampeleka Samli kwa Kadzo. Kadzo ni fundi, binti wa Marafa, mwili mdogo, mikono ya kuaminika, na utotoni alisoma darasani kwa Rukia. Nilijua hilo. Sikujua uzito wake.

Aliinua matairi ya nyuma kwa jeki, akaniambia nizungushe moja kwa mkono nitazame la pili. Kwenye difu ya kawaida, ukizungusha la kulia mbele, la kushoto linarudi nyuma. La Samli likaja mbele pamoja na mwenzake, zito, bila ubishi. Kadzo akanitazama. Nikamwambia kwa sauti ya chini atoe tu, aweke kando, afunike na gunia.

Alipokwisha kuitoa na kuiweka mezani, kabla hajapata gunia, Rukia akaingia. Alikuja kuleta daftari, eti Kadzo aone kona zenyewe kabla ya kufunga difu mpya.

"Shikamoo Mwalimu," Kadzo akasema, akasimama wima kama yuko mbele ya ubao.

"Marahaba mwanangu. Gari ina nini?"

Nikamkonyeza Kadzo. Heri ningeukonyeza ukuta. Mtu aliyefundishwa na Rukia hawezi kumdanganya Rukia, hata akiwa na spana mkononi.

"Difu imechomelewa, Mwalimu. Gari hii na kona kali haziwezani. Hata ukate usukani vipi, itakwenda mbele tu."

 Rukia akauliza swali moja, tena hakumuuliza Kadzo. "Imechomelewa lini?"

Nikamjibu. Nikataja Kilifi, nikataja jioni ile, nikataja hata maswali mawili ya yule fundi. Sikujitetea kwa sababu sikupata pa kuanzia. Gia zilikuwa juu ya meza, zimegandana kwa moto, na mtu yeyote mwenye macho angeelewa.

Nilitegemea kelele. Rukia alikaa juu ya tairi la akiba, akafungua daftari kwenye kona ya tatu, akaitazama ile karatasi iliyokonda. Akapitisha kidole juu yake polepole. Afadhali angenipiga.

Baadaye, bila kuniangalia, akamuuliza Kadzo zile difu mbili mezani ni za nini. Kadzo akamweleza. Mimi nikaingiza neno, nikasema ya gia ndiyo bora, nimesoma.

"Ya gia ina shida moja," Kadzo akasema. "Inataka matairi yote mawili yaguse chini. Moja likipaa, haina la kushika. Lakini sijui kama gari hii inapaa, mimi sijawahi kukaa ndani."

Nilitaka kusema haipai. Miaka yote nimeendesha, sijawahi kuhisi.

Rukia akageuza kurasa nyuma, miaka miwili, mitatu, kabla ya balaa langu. Akamwonyesha Kadzo maandishi madogo pembeni mwa kona ya tatu: upande wangu unapaa. Mwaka mwingine, kona ileile: unapaa tena. Kona ya saba: unapaa kidogo. Kumbe kona zote za kushoto alikuwa akihisi tairi la nyuma, lililo upande wake, likiachana na ardhi, na kila mwaka akaandika kwa penseli, na mimi daftari lile sijawahi kulifungua. Kwangu lilikuwa sauti yake tu.

"Basi ni ya sahani," Kadzo akasema. "Kwisha maneno."

Wiki tatu za mtandao zikaangushwa na maneno matatu ya penseli.  Niliona fahari, niliona aibu, vyote pamoja, na hata sasa sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Kadzo akaifunga ya sahani, akairekebisha ilegee vizuri mguu ukitoka kwenye mafuta, ili pua ya gari iingie kona kwa hiari. Ijumaa na Jumamosi Rukia hakusema nami ila kupitia Salma. "Mwambie baba yako chai iko mezani." Baba yake amekaa hapohapo, umbali wa mkono mmoja. Nikamjibu kupitia Salma vilevile, maana sikuwa na haki ya kulalamika.

Leo asubuhi tukaenda Marafa kujaribu. Kadzo na nduguze walikuwa wameshaondoa mbuzi barabarani na kuwasimamisha watu mbali. Nikaenda mlango wa dereva kama kawaida. Rukia alikuwa ameshakaa.

"Leo naendesha mimi," akasema. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu Alhamisi. Akanitupia daftari. "Wewe soma. Sikati mpaka uniambie."

Wallahi sikujua kazi ile ilivyo. Barabara inakuja, mistari inaruka, vumbi linaingia, unatakiwa usome kisichofika bado huku tumbo liko kwenye kilichopita. Kona ya kwanza nilisoma sawa. Ya pili nilisoma nusu. Nikatafuta ya tatu, nikaona ule ufutaji, alama tano juu ya alama, na macho yangu yakakwama pale. Nilipoinua kichwa mwarubaini ulikuwa umeshajaa kiooni.

"Kushoto kali!"

Nilichelewa. Si kidogo. Nilichelewa kweli.

Rukia akaachia mafuta, akakata. Pua ikaingia. Upande wangu ukapaa, nikauhisi kwenye makalio kama ulivyoandikwa, akakanyaga, na pale nyuma kitu kikashika. Samli akazunguka ule mwarubaini kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwenye mashine yoyote. Ukingo wa udongo ukapita pembeni, na alama yetu ya mwaka jana bado iko juu yake.

Akasimamisha gari mbele kidogo. Akazima injini. Vumbi likatupita. 

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa."

 Kisha kwa sauti ndogo ambayo wanafunzi wake hawaijui, akasema, "Kumbe hata ningechelewa."

Akalia. Nami nikalia, mtu mzima, barabarani Marafa, mbuzi wakitutazama. Mwaka mzima alibeba kosa ambalo hakulifanya, na hata angelifanya, gari lenye difu nzima lingemvusha. Nilimwomba radhi kwa mara ya kwanza, wazi, bila kupamba. Hakusema amenisamehe. Alichukua penseli, akafuta ile alama ya kona ya tatu, akairudisha pale ilipokuwa miaka ya nyuma.

Niliporudi nyumbani nilitaka kuufuta ule ukurasa wa mwaka jana. Rukia akanikataza. Amesema niuache palepale na jina langu, niandike huu juu yake, na wote waliompa pole wasome. Nimetii.

Jumamosi ijayo anaendesha yeye. Kiti cha kushoto ni changu, na mwandiko wake bado unanishinda. Basi naifunga kompyuta niende jikoni, daftari mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, nikaange vitunguu kabla hajaamka.

Kushoto kali. Kushoto kali.