Viganja vya Wiki ya Uhuru

Jumapili, 3 Desemba 1961

Nimeingizwa kwenye timu ya kuvuta kamba! Mimi Zamda, mshona kofia, mtu wa kukaa mkekani kutwa. Shangazi Mwanamkuu ndiye nahodha wa akina mama wa mtaa wetu wa Ng'ambo, na leo mwenzao mmoja kajitoa — mjamzito. Shangazi akaja moja kwa moja kwangu. Hata maji hakunywa. Nikamwambia, shangazi, mikono hii ndiyo inayonilisha. Akasema mikono ya kila mtu inamlisha mwenyewe, kesho jioni uwanjani.

Kamba itavutwa siku tatu mfululizo, Alhamisi mpaka siku ya Uhuru yenyewe. Na kofia ya Shomari haijaisha! Anataka kuivaa siku hiyohiyo. Ee Mola.

Jumatatu, 4 Desemba

Mwandiko wangu leo kama wa kuku. Malengelenge chini ya kila kidole. Kamba ya katani ina meno! Niliikaba kama namnyonga nyoka, ikateleza, ikaondoka na ngozi yangu.

Lakini tulivyocheka! Tulianguka chali timu nzima, kanga huku, viatu kule. Shangazi alianza kufoka, akashindwa, akakaa chini kwenye vumbi na yeye akacheka. Sijacheka hivi tangu niachwe.

Niliporudi nikatia mikono kwenye maji moto ya chumvi. Kosa kubwa. Ngozi imelainika kama mkate uliolowa. Sindano haishikiki.

Jumanne, 5 Desemba

Sikuzani anavuta mbele yangu. Kaona viganja vyangu akapiga ukelele. Yeye kisima chao ni kirefu, kazoea kamba tangu utotoni. Kasema viganja ni vya kushika tu, anayevuta ni mwili — miguu ichimbe chini, mgongo uende nyuma. Kamba iishie kwenye vidole, isikunje nyama ya kiganja. Na ikianza kuteleza, usiifukuze.

Nikajaribu. Kweli bwana! Mapaja yanawaka moto, mikono imetulia.

Nimekata kucha. Nimevua pete. Lengelenge nililotoboa jana ndilo linalouma; yale niliyoyaacha yananywea yenyewe. Vidole nimevifunga kanga kuukuu. Shangazi kauliza kwa mwamuzi: vitambaa ruksa, glavu hapana.

Shomari kapita tena kuulizia kofia. Ni gadi wa reli, safari zake za Kigoma haziishi, lakini njia ya kwangu haimpotei. Kaona vitambaa. Nikajua atalalamika. Akasema, "Ile kofia ya zamani bado ipo, Zamda. Wewe vuta. Siku kama hiyo hairudi." Nikainama nikajifanya natafuta uzi.

Jumatano, 6 Desemba

Shangazi katupumzisha. Wengine wamenung'unika, mimi nimeshukuru. Mafuta ya karanga viganjani, kisha kukaa kivulini mikono juu ya magoti kama bibi harusi!

Mchana nikajaribu kushona. Na hapo nikaona kitu. Mkono wangu wa kulia umechubuka kote isipokuwa kidole gumba na cha shahada — ndivyo ninavyopitishia uzi kwenye nta ya nyuki kila siku. Vizima kabisa! Nikapaka nta kidogo kiganja kizima, nikaushika mchi na kuuvuta. Nta haitelezi, inanata. Niliruka peke yangu chumbani.

Alhamisi, 7 Desemba

TUMESHINDA! Timu ya Kitete tumeivuta mbili bila. Nta kwa timu nzima, majivu makavu juu yake. Hakuna aliyetoka damu. Sauti sina.

Ijumaa, 8 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Nikaogopa: kamba mbichi ni nzito na inachuna. Shangazi akatukataza kugusa maji hata ya kunawa mpaka dakika ya mwisho. Tukakaa mikono ndani ya kanga, watu wakituuliza kama tuna baridi.

Leo tumekutana na Ntalikwa. Ni wakulima, wana migongo! Mvuto wa kwanza wakatuvuta kama mbuzi. Wa pili tukakaza. Wa tatu kamba ilisimama pale pale, sikumbuki muda gani, nikaona tope tu na visigino vya Sikuzani. Nikasikia Shangazi nyuma yangu, taratibu, "Kaa. Kaa. Kaa." Hatukuvuta. Tulikaa tu. Wakachoka wao, tukaingia fainali.

Kitambaa kimoja kimekatika, kidole cha mwisho kimechubuka. Basi. Kofia nimeimalizia jioni, nayo haina doa. Shomari kaipokea kwa mikono miwili. Hakuivaa. Kasema kesho.

Jumamosi, 9 Desemba

Uhuru! Bendera mpya iko juu, kijani na nyeusi na mistari ya dhahabu, imelowa chapachapa. Nalia nacheka.

Naandika hapa hapa uwanjani, ndani ya hema. Fainali na Nzega imesimamishwa. Mvuto mmoja wao, mmoja sisi, halafu mbingu ikafunguka. Tumesongamana wote, sisi na wao, magoti kwa magoti. Namwona Shomari kule nje kwenye kundi. Kofia kaificha kifuani isilowe, kichwa kitupu kinachuruzika maji, anapunga mkono!

Pembeni yangu yupo Benedikta, yule mama mrefu anayeongoza kamba ya Nzega. Mikono yake — sikuweza kutazama mara mbili. Nyama tupu. Leo ni siku yao ya tatu pia. Akaniuliza, "Dada, ninyi mikono yenu mbona mizima?"

Nikamtazama Shangazi. Akatikisa kichwa: hapana. Wiki nzima ya kazi, na bado mvuto mmoja tu! Sikuzani akaangalia chini.

Benedikta hakuuliza tena. Akaipuliza mikono yake, akaanza kuwaimbisha wenzake Kisukuma.

Nikachana kanga yangu. Nikamwambia, "Lete."

Shangazi akasema, polepole, "Zamda, tukishindwa utahamia Nzega." Benedikta akasema nyumba ipo. Hema zima likacheka, na mwenzake wa pili akanyoosha mikono, na wa tatu. Nikasema nta haitoshi, na mimi nina mikono miwili tu. Nikasikia mtu ananikwapua kile kipande cha nta — Shangazi! Kakunja mikono ya gauni, anampaka yule wa mwisho, anamkaripia kabisa: nani kakufundisha kushika hivi, mwanangu, kamba iishie kwenye vidole!

Mvua imekatika. Mwamuzi kapiga kipenga. Kapiga tena. Anachungulia hemani, hakuna hata mmoja aliyesimama —