Imma Haogopi Watu

Kasulu,
8 Novemba, 1976

Dada Epifania, Imma atasoma! Hadithi aliyoitunga mwenyewe kwa kichwa chake, hakuinakili popote, ataisoma pale chuo cha ualimu mbele ya wazazi na walimu na wakubwa wa wilaya. Weka chini chochote ulichoshika, ukae, unisome vizuri.

Haya, sasa salamu. Mwakeye, dada yangu. Hamjambo huko Kibondo? Shemeji Marcel kifua chake kimetulia, au bado anakohoa akifika vumbini? Sisi huku ni wazima. Baba Imma mgongo unamsumbua lakini jembe haliachi. Mvua inanyesha kila siku na barabara imekuwa uji. Mimi siumwi popote, ila situlii. Nakaa, nasimama, natoka nje, nasahau nilichofuata. Jana maharage nimeyatia chumvi mara mbili. Baba Imma akala, kisha akanywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni.

Nikueleze ilivyokuwa. Mwalimu wao wa Kiswahili, Mwalimu Gharibu, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku, aliwaambia wanachuo wote watunge hadithi. Iliyo bora ingesomwa kwenye sherehe ya kufunga mwaka. Kati ya zote, dada, pamoja na zile za wavulana wanaojifanya wanajua kila kitu, akachagua ya Imma wetu. Imma mwenyewe aliniletea habari hiyo kama mtu anayekwambia kuni zimelowa. Mimi ndiye niliyepiga vigelegele. Kabla jua halijazama nilikuwa nimemwambia Tamimu wa duka la vitenge, na katekista, na karani wa posta ambaye hata hakuniuliza.

Jumapili iliyofuata Imma akaja nyumbani akaniambia amekwenda kwa mwalimu kuomba hadithi yake isisomwe. Nilidhani anatania. Nikamwuliza, hivi wewe una akili kweli? Akasema hadithi yenyewe ni ya upuuzi, ni mambo ya hapa hapa kwetu, migomba na majirani, nani atatoka kwake na mvua hii kusikiliza hayo. Akasema wenzake wametunga habari za wafalme na za mijini. Akasema sauti yake itamkauka na watu watamcheka. Basi nikamtia moyo kwa namna ninayoijua mimi: kwamba hakuna kama yeye Kasulu nzima, kwamba nimekwisha kuwaambia watu wote, na kwamba nitakaa mstari wa mbele kabisa. Kadiri nilivyosema, ndivyo alivyozidi kujikunja. Akaondoka bila kula.

Wiki ile sikuwa mtu. Sokoni napita kwa pembeni, maana kila mmoja ananiuliza, Mama Imma, siku ile tunakuja na nini? Na mwalimu alikuwa amesema atasubiri mpaka Ijumaa, halafu atampa mwingine nafasi. Nilikwenda kupalilia maharage, nikang'oa maharage nikaacha magugu. Baba Imma akanirudisha nyumbani.

Alhamisi akapita Mwajabu, binti wa Kiislamu anayelala chumba kimoja na Imma, kuja kuchukua ndizi. Nikambana. Nikamwambia hatoki hapa mpaka aniambie mwenzake anaogopa nini, kama ni watu, si atakuwa mwalimu huyu, atasimama mbele ya watoto namna gani? Alizungukazunguka weee, mwisho akatazama chini akaniambia: Mama, Imma haogopi watu. Anakuogopa wewe.

Sasa nakuambia, dada, na usimsomee mtu mwingine kwa sauti. Hadithi yenyewe inanihusu mimi. Ni habari za mwanamke mwenye majivuno aliyekwenda msibani, na kabla hajatoa pole akamwambia mjane kwamba binti yake amechaguliwa kwenda chuo. Unakumbuka msiba wa Mzee Ndihokubwayo? Ndiyo. Ni mimi. Niliingia na mkungu wangu wa ndizi kichwani, na maneno hayo yakanitoka kabla sijautua.

Mwajabu alipoondoka nilikaa jikoni moto ukazimika. Nilikasirika, sikufichi. Nimemzaa, nimeuza mihogo asome, na kalamu ya kwanza aliyoinua ameniinulia mimi! Halafu nikafikiri: hadithi hii ya mama mjinga ndiyo aliyoipenda mwalimu kuliko ya wafalme. Basi mama mwenyewe si haba.

Ijumaa asubuhi nikajifunga kitenge, nikaenda chuoni na tope lote lile. Nikamwita Imma nje ya bweni, nikamwambia anisomee. Akaanza kulia. Nikamwambia alie baadaye, asome kwanza. Akasoma, macho hayainuki. Dada, nilijiona. Hata namna ninavyojishika kiuno amenishika! Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, na kuna mahali sikucheka.

Ila mwisho alikosea. Ameandika mjane aliinamisha kichwa asijibu neno. Nikamwambia si hivyo, wewe ulikuwa nje unateka maji. Yule mama alinishika mkono akaniambia, hebu rudia, maana tangu asubuhi wananiambia kifo tu. Nikarudia. Imma akachukua kalamu, akaandika hapo hapo juu ya goti. Akaniuliza, na pole je, ulitoa lini? Nikamwambia sikuitoa mpaka leo, na hilo aliache kama lilivyo. Akajifuta machozi, akaenda mwenyewe kwa Mwalimu Gharibu. Sikumsindikiza.

Mjane nimekwisha kumwalika, na pole nimempa, imechelewa lakini ameipokea. Na Imma amenipa sharti moja tu: siku hiyo nikae kimya, nisisimame kuwaambia watu huyo ni wangu. Ndiyo maana nakuhitaji, dada. Mimi peke yangu sijiwezi. Ukae kushoto kwangu, baba yake kulia, mnishike kitenge.

Wasalimie watoto wote, na Immakulata anamwamkia baba yake mkubwa na wewe mama yake mkubwa. Basi la Kibondo msilitegemee na mvua hizi, tokeni mapema mlale kwetu. Ni Jumamosi, tarehe 27 mwezi huu, saa nane mchana.

Ni mimi mdogo wako,
Veronica, mama yake yule atakayesoma.