Jina Chini ya Kioo cha Rubani

Osmund, ndugu yangu,

Ndege yako imekwisha. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu nakujua, ungeliuliza kabla hata ya kuuliza hali ya watoto. Imesimama mezani kwa mama yako, hapo hapo Makote, kwa magurudumu yake matatu, mikia yote miwili imenyooka, rangi imekauka vizuri. Mwandiko huu usikushangaze. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa vibao, na sababu yake nitaifikia.

Mikorosho imetoa maua tena. Huku Chilangala kila unakopita unasikia pampu za kupulizia zinanguruma, dawa ya salfa imetanda juu ya miti, na mimi nikisikia pampu natamani kumpiga mtu. Si maneno ya kuandikia tu. Mwaka huu nimevunja kiti cha mke wangu. Nimempiga teke mbuzi wa jirani mpaka akachechemea. Nimemfokea binti yangu Zuhura mpaka siku hizi nikiingia kwa mlango wa mbele yeye anatokea wa uani. Watu wanasema ni uchungu wa kufiwa na rafiki, na mimi nimewaacha waseme. Mama yako naye alikuwa anasema hivyohivyo mpaka juzi. Hata wewe mwenyewe sina hakika kama ulijua kilichotokea, kwa hiyo nitakueleza.

Lakini ngoja kwanza nikukumbushe ulivyoanza, maana nahitaji kucheka kidogo kabla sijaandika yale mengine. Uliona ndege ya kivita kwenye simu, ile ya injini mbili, ukairudia video mpaka chaji ikaisha. Kesho yake ukachora ndege nzima kwa mkaa kwenye mlango wa kibanda chako cha baiskeli, na pembeni ukaandika: mita moja ya kweli, sentimita sita zangu. Nikakuuliza fundi baiskeli anatengeneza ndege vita ampige nani. Ukasema, "Simpigi mtu, Hamisi. Nataka kujua imefungwaje."

Mbavu ulichonga kwa mianzi. Ngozi yake ulikata kwenye masufuria mabovu ukainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Vichwa vya misumari uliviigiza kwa kudonoa bati kutoka ndani kwa ncha ya spoku, nukta kwa nukta, mpaka macho yakawa mekundu. Kioo cha rubani ndicho kilichokutoa jasho. Ulichonga kipande cha mti kwa umbo lake, ukakivisha chupa ya maji, ukakizungusha juu ya makaa ili plastiki ijikunje na kulishika lile umbo. Chupa tisa ziliungua. Ya kumi ikakubali, ukaja nayo mpaka kwangu umeifunga ndani ya kofia, ukanizuia hata kuigusa. Na magurudumu yalikuwa kandambili zangu. Hukuniambia. Nilizikuta tu mlangoni zimekatwa visigino.

Hivyo ndivyo tulivyoishi toka darasa la kwanza. Hatukuombana ruhusa. Pampu yako ya upepo wa baiskeli iko kwangu hadi leo, na ufunguo wa stoo yangu ulijua unakaa juu ya kenchi, ukaingia na kutoka utakavyo. Hilo ndilo nililosahau, Osmund. Nililisahau kwa muda mfupi sana.

Jumamosi ile nilikuwa Masasi kumzika shangazi. Ulikuja hukunikuta, ukachukua pampu yangu ya kupulizia ukapime feni yake, maana ulitaka mapanga ya feni za injini yapinde vilevile. Jumapili nikarudi, nimechoka na matanga, nafungua stoo, pampu hakuna. Msimu ule wezi walikuwa wametushika pabaya. Salfa inaibwa, pampu zinaibwa, na kwenye kila kijiwe watu wanaapa kwamba atakayepatikana hatafika kituoni. Nami niliapa, tena kwa sauti kuliko wenzangu. Basi nikang'oa mpini kwenye jembe, nikatoka barabarani nikapiga ukelele. Mwizi! Mwizi! Kaondoka na pampu yangu!

Ilikuwa siku ya gulio. Walitoka wengi, na fimbo, na mawe, mmoja na mnyororo wa baiskeli.

Na wewe ulikuwa unakuja. Ulikuwa umeibeba pampu mgongoni unairudisha. Tangi lilikuwa linavujisha unga wa salfa shingoni, kwa hiyo ulijifunika mfuko mtupu wa salfa kichwani, kona moja imekunjwa ndani ya nyingine, kama tunavyofanya wapulizaji wote. Ukasikia sauti yangu inaita mwizi, ukaanza kukimbia. Ulikimbia kuja kwangu. Ulikuja kunisaidia, mjinga wewe! Na kila aliyekuona aliona mtu kafunika uso, ana pampu mgongoni, anatimua mbio.

Hakuna aliyejiuliza ni mwizi gani anayekimbilia kwa mwenye mali. Wala mimi sikujiuliza.

Nilipofika ulikuwa chini tayari. Sikuona mtu, niliona mfuko wa salfa unakanyagwa. Mnyororo ulikuwa unapanda na kushuka. Mmoja alikuwa anakurukia kifuani kwa miguu miwili. Mwingine alikuwa na kikapu cha mayai. Alikiweka chini polepole yasije yakavunjika, akahakikisha kimekaa vizuri, kisha akaokota jiwe. Nikapenya katikati yao, nikainua mpini, nikapiga. Mara moja. Nilisikia mfupa. Sijui lilikuwa bega au shingo, na mwaka mzima nimelala na kuamka najiuliza hilo.

Kisha mfuko ukachomoka. Nikaliona sikio lako, lile lenye kovu la spoku. Niliwapiga waliokuwa karibu, nikawapiga wote, nikapiga kelele mpaka wakatawanyika. Nikakuweka mapajani. Salfa na damu vilichanganyika vikawa uji mzito viganjani mwangu. Ulikata roho kabla hatujapata pikipiki.

Polisi walipokuja, gulio zima halikuwa limeona kitu. Mimi nilisema nilifika nikakukuta umelala. Mama yako aliponiuliza nikamwambia hilo hilo. Alinishika mikono yote miwili, ule wa mpini na mwenzake, akanishukuru kwa kukupakata wakati unaondoka. Nami nikazipokea shukrani zake, Osmund. Nilimtazama usoni nikazipokea.

Halafu akaniomba jambo. Msalaba wako wa kaburini utasimikwa mwaka ukitimia, na hataki watu wa kanisani waje wakute ndege yako haina injini. "Baba Zuhura, imalizie," alisema. "Nyie wawili ndio mnaoijua." Ningesema nini? Nikaanza kwenda Makote kila nikitoka shamba. Shikamoo mama. Marahaba baba, kula kwanza. Chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, mezani kwako, kwenye kiti chako, na yeye amekaa pembeni anapepeta mchele na kunisimulia ulivyokuwa mtundu.

Pampu walikuwa wameipasua, lakini feni ilipona. Nikapima upindo wake kama ulivyotaka, nikakata mapanga kwenye bati la kopo la maziwa, ishirini na manne, nikayapanga moja moja mpaka injini zote mbili zikazunguka kwa pumzi ya mdomo. Rangi nilinunua Masasi, nyeupe na nyeusi, nikachanganya kwenye kifuniko mpaka ikatoka ile ya kijivu uliyoitaka. Nimepaka mara tatu, na kati ya kila mpako nimepiga msasa wa maji. Ungesema bawa la kushoto lina mchirizi. Ni kweli lina mchirizi, nyamaza.

Siku moja mama yako alipokwenda bombani, niliinua nyundo juu ya ndege hiyo. Nilitaka kuisaga iwe makopo tena. Niliona ndiyo iliyokuua, na upuuzi wako wa kupima mapanga, na sentimita zako sita. Nyundo nilikwisha kuishusha, nikaigeuza njiani, ikanipata kidole gumba. Kucha iliruka. Mama yako aliporudi alinifunga kitambaa, akaniambia nisifanye haraka.

Mwezi uliopita nikamsikia dereva bodaboda mmoja kijiweni, anasimulia walivyomnyoosha mwizi wa pampu. Alikuwa anacheka na kuonyesha kwa mikono. Nikachukua helmeti yake nikampiga nayo mdomoni. Akaanguka, nikampiga tena, na tena. Alitema jino, akaniangalia kutoka pale chini. Hata hakukasirika, alishangaa tu. "Baba Zuhura," akasema, "si wewe uliyetuita?" Nikaweka helmeti juu ya kiti cha pikipiki yake nikaondoka.

Ikabaki kazi moja. Chini ya kioo cha rubani ulikuwa umechora kwa penseli kisanduku chembamba, pale ndege za kweli zinapoandikwa jina la anayezirusha. Mama yako akasema liandikwe jina lako. Nikachovya brashi, mkono ukagoma. Kesho yake vilevile. Nilimdanganya kwamba rangi haijashika, kisha nikamdanganya kwamba brashi imekufa. Juzi akaninunulia brashi mpya. Akasimama ubavuni pangu, amevaa miwani yake iliyofungwa uzi, aone jina la mwanawe linavyoandikwa na rafiki yake. Nikaiweka brashi mezani nikamwambia yote. Ukelele, mpini, na jinsi mfupa ulivyolia.

Alitoka akaenda uani, akarudi na mchi.

Sikukimbia. Pigo la kwanza lilinipata mgongoni, la pili kiunoni. La tatu nililikingia mkono wa kulia kwa makusudi, ukavunjika, na nakuambia ukweli, ndiyo mara ya kwanza mwaka huu kupata nafuu. Mama wa umri ule, Osmund! Alipiga mpaka akaishiwa pumzi, na kila pigo alilitaja jina lako. Majirani wakajaa mlangoni. Mmoja ana panga, mwingine ameokota tofali, wanauliza amefanya nini huyu, tumshughulikie. Mama yako akawageukia, mchi uko juu. "Tokeni! Kwangu hapapigwi mtu na kundi. Tokeni nyote!" Wakarudi nyuma, mwenye tofali akalitupa.

Akaketi sakafuni karibu na nilipoanguka. Kisha akaniuliza kitu ambacho mwaka mzima hakuna aliyeniuliza, polisi wala mke wangu. "Alisema nini?"

Nikamwambia. Ulifungua jicho moja, lile lililokuwa bado linafunguka. Uliniona, na niliona umefurahi kuniona. Ukasema, "Hamisi, mmemkamata?" Ulikuwa unamuulizia mwizi. Ulidhani tumekupita tukamkimbiza, na kwamba nimerudi kukuokota. Sikukujibu. Nilikuwa naita watu walete pikipiki.

Hapo ndipo alipolia. Sijawahi kusikia mtu analia vile, na sitaki kusikia tena. Alipomaliza alijifuta kwa khanga, akainuka, akachukua brashi, akaliandika jina mwenyewe. Herufi zimepinda na O imekuwa kubwa kuliko zote. Mimi nilikuwa bado sakafuni nimeshika mkono wangu. Alipoosha brashi ndipo aliponisemesha, bila kunigeukia. "Utamwandikia. Aliuliza, hamkumjibu. Utamjibu kwanza, ndipo uende huko polisi."

Ndiyo maana naandika. Kesho nakwenda kituoni Newala mjini. Nitasema nilivyopaza sauti na nilivyopiga, na nitawataja niliowaona, wa mnyororo, wa kifuani, wa kikapu cha mayai, lakini jina langu litatangulia. Mke wangu nimekwisha kumwambia. Zuhura nimemwita akaja, akasimama mbali kidogo, nikamwambia baba ametenda kosa kubwa na anakwenda kulisema. Kusimikwa kwa msalaba wako sitakuwepo. Mama yako hajanisamehe wala sijamwomba. Ndege ataipeleka kaburini yeye mwenyewe.

Nakuahidi mambo mawili tu, ya tatu nisingeweza. Sitasema tena popote kwamba nilikukuta umelala. Na nikisikia watu wanaita mwizi, huko niendako au siku nikirudi, nitasimama mbele ya huyo anayekimbia, hata akiwa mwizi kweli, hata mawe yakinipata mimi.

Kwaheri, Osmund. Pumzika, fundi wangu.

Uliniuliza kama tumemkamata. Ndiyo, amekamatwa. Ndiye anayekuandikia.

Hamisi