Jina la Kwanza Kwenye Kura ya Bwawa

Jumanne, 5 Septemba 1854
Nimechaguliwa mbunge. Mimi, mchimba mitaro. Wenye maduka wawili walifungana kwa kura kutwa nzima, hakuna aliyempita mwenzake. Tukarudia, tukarudia. Jioni ng'ombe wanalia, watu wanataka kwenda kukamua. Orrin mhunzi akapaza sauti: "Mpelekeni shemeji yangu Asahel, yeye hana hata mbuzi wa kukamua." Wakacheka. Wakanipa kura. Wakaenda kwa ng'ombe wao.
Mke wangu Thankful angekuwa hai angecheka mpaka akae chini.

Alhamisi, 12 Oktoba
Nimefika Montpelier, penye bunge. Koti la kuazima, la Orrin. Halifungi tumboni. Nalala kitanda kimoja na Tuttle, mbunge wa mji wa jirani. Ananiita "mheshimiwa mwenzangu" huku ananinyang'anya blanketi.

Jumatano, 18 Oktoba
Kura ya kwanza, ya sauti. Wanaotaka waseme ndiyo — nikasema ndiyo. Wasiotaka waseme siyo — nikasema siyo. Nilidhani ni kama kanisani, kila mtu anaitikia. Tuttle akaniambia, "Bwana Adkins, umejipinga mwenyewe. Na umejishinda." Sasa kabla sijasema naangalia mdomo wake.

Jumatatu, 23 Oktoba
Umeletwa mswada wa bwawa, kule kwetu. La kiwanda cha sufu. Maji yatafunika makaburi. Thankful amelala pale. Nilimchimbia mwenyewe, nikapachagua kwa sababu ni pakavu. Kwenye maji na ukavu sikosei. Mengine yote nakosea.
Orrin kaja na gari la farasi. Eti mji mzima unataka kazi ya kiwanda, nami nina njaa kuliko wote.
"Makaburi yatahamishwa, shemeji."
Nani atahamisha?
"Si wewe? Mchimbaji ni nani?"
Halafu akakumbuka tunamsema dada yake. Akaninunulia pai ya tofaa. Nikaila yote, mpumbavu mimi. Nikamwambia nitasema atakavyosema Tuttle.

Ijumaa, 27 Oktoba
Naandika humu humu bungeni, karatasi gotini. Mswada wa bwawa umefika. Mtu kasimama, kataka tuitwe jina kwa jina, kila mmoja ajibu peke yake. Nikamwuliza Tuttle atasemaje, nimfuate.
Kacheka. "Wanafuata alfabeti, ndugu yangu. Mimi ni T, kule mwisho. Mbele yako yuko Abbott tu."
Abbott nitamfuata, nikasema.
"Abbott kaenda kwao, ng'ombe wake anazaa. Leo sisi wote tutaangalia mdomo wako."
Ng'ombe tena.
Orrin yuko juu, kwenye viti vya wageni. Kavua kofia. Haniangalii.
Karani kaita Abbott. Kimya.
Kaita Adkins.
Nimesimama nusu, koti limebana. Kaita tena. Mdomo mkavu kama lile shimo la Thankful; na kwenye ukavu sikosei —