Nguzo ya Mdoriani

Nyumba Ndefu ya Jimbun,
Mto Katibas, Sarawak.
9 Septemba 1987

Mpendwa shemeji Lawai,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko Johor? Kile kikohozi cha kiwandani kimekuachia? Huku mvua imewahi na mpunga wa mlimani umeshika vizuri. Mama miguu inamsumbua, ila mdomo wake mzima.

Kapu la nguo za kaka yako Unggat bado limefungwa kama ulivyoliacha siku ya mazishi. Mimi bado navaa nyeusi, na upatu haujapigwa hapa nyumbani. Tunakungoja wewe ukate fundo la kapu, msiba uishe. Lakini kuna jambo ulijue kabla hujapanda boti.

Unaikumbuka nguzo ya chumba chetu, ile ya mdoriani. Ilianza kukwaruza ndani Unggat akiwa hai. Alipofariki ikazidi, hata mchana nikisuka mikeka. Asubuhi nafagia unga wa mbao, jioni umerudi.

Mama akawa anaweka wali pale chini. Aliniambia, "Mwanangu anakuna mlango, nawe umekaa tu kama gogo." Mzee Jimbun, mkuu wa nyumba, akabandika sikio. "Huyo si Unggat," akasema. "Unggat hakuwahi kufanya kazi mfululizo hivi." Watu walicheka, hata mama. Mimi sikuweza.

Jumapili alitoka. Kwanza vipapasio viwili virefu vikipapasa nje ya tundu, kama kipofu anayetafuta kizingiti, kisha mbawakawa mzima wa kijivu, ana madoa ya rangi ya chungwa. Nilipomshika alilia kama bawaba kavu. Mama akampokea kiganjani, akampeleka barazani. "Nenda, baba. Umekawia," alimwambia. Tangu siku hiyo haweki wali.

Jimbun anasema wadudu hawa hutaga kwenye gome la mti uliokatwa karibuni. Gogo likimenywa siku ileile, hawaingii. Letu lilikaa siku tatu na gome lake. Sababu kila mtu anaijua: ndege wa ishara alilia, nasi tukaacha kazi, tukarudi nyumbani kama desturi inavyotaka.

Lawai, ndege hakulia. Nilikuwa na mimba ya Empiang, mgongo unaniuma, nikataka tu turudi. Nikasema nimemsikia. Unggat aliweka shoka chini bila kuuliza, akanifuata njia nzima akinichumia kangaga za mboga. Siku tatu zile alinichongea mwiko. Naupikia hadi leo.

Na ni kwa sababu ya nguzo hiyo kuliwa ndipo alipopanda msituni kutafuta mti mgumu wa kuweka badala yake. Gogo la mti huo ndilo lililombingirikia.

Sijamwambia mama. Nguzo ilipokwaruza nilidhani Unggat ananiuliza, nami nilikuwa najiandaa kumjibu. Sasa imenyamaza. Nakaa karibu nayo, nasikiliza, hakuna kitu.

Empiang anakusalimu. Amejifunza kulitaja jina lako. Nisalimie mkeo Lemok na shangazi Tija. Mto ukupe maji ya kutosha kupitisha boti, na mababu wakutangulie njiani.

Njoo ukate fundo. Kama utakuja na hasira, njoo nazo. Tundu sijaliziba, ulione mwenyewe.

Ni mimi shemejio nikupendaye,
Mindu