Tope Juu ya Ukuta wa Ruiru

Thika, Jumapili, baada ya ibada

Mama Rasoa wangu,

Barua hii ikukute umeketi, wala si umesimama jikoni, maana ni ndefu na ina hasira. Mimi ni mzima, kikohozi kimepoa. Je, mguu wa mama unaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Rasoa mwambie herufi zake nimeziona na nimezionyesha kwa watu.

Barua yako niliisoma kwa furaha mpaka mstari wa mwisho, pale ulipouliza: "Na Zakayo hajambo huko? Nasikia nyumba ya mwalimu aliyoijenga Kalimoni imenyooka kama mshale." Mstari huo nimeusoma mara nne. Hukuniuliza kama kuta zangu zimenyooka.

Huyo fundi mwenzangu wa kwetu hajambo. Ananenepa. Amenunua baiskeli yenye taa, na huiwasha hata mchana. Tuyaache hayo, ingawa yenyewe hayaniachi.

Habari yenyewe ni hii. Unajua nilipewa kujenga ghala la kahawa katika shamba moja la Ruiru, na meneja akaahidi kwamba likimpendeza atanipa nyumba kumi na mbili za wafanyakazi, zote za mawe. Hiyo ni kazi ya mwaka mzima. Kibali changu cha kukaa huku kimefungwa kwenye kazi hiyo, na siku hizi za Hali ya Hatari mtu asiye na kazi hapewi hata nafasi ya kuaga. Jumatatu meneja akaniita ofisini, akanisomea barua isiyo na jina. Ilisema mimi ni mwizi. Eti simiti nimeiuza mjini Thika, na mawe ya ghala nimeyaunga kwa tope.

Kwa tope! Mimi niliyepima kila jiwe kwa timazi mpaka vibarua wakaniita Bwana Kamba!

"Una mpaka Alhamisi kujibu," meneja akasema. "Siku hiyo tutaupima ukuta."

Unanijua. Mtu akinirushia neno moja namrudishia gazeti zima. Niliandika kurasa saba. Nilionyesha hoja kwa hoja jinsi uchongezi ulivyoangusha wafalme na vyama, nikasema kwamba barua isiyo na jina ni kama mtu anayetupa jiwe kisha anajificha nyuma ya watoto. Katika ukurasa wa sita nikamtaja Zakayo. Nikasema ni yeye, kwa sababu naye aliziomba zile nyumba kumi na mbili na hakupewa. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na ule mstari wako tu. Nakuambia kweli kwa sababu wewe ni mke wangu: nilikuwa naona wivu, na wivu ukishika kalamu hauishiwi wino.

Alhamisi ikafika. Meneja alisema ukuta lazima upimwe na fundi asiyefanya kazi kwangu. Nikasimama mbele ya ghala na vibarua wangu, nikaona baiskeli inakuja kati ya mistari ya kahawa, taa inawaka. Zakayo.

Meneja akatoa zile kurasa zangu, akampa ule wa sita. "Soma kwanza. Umetajwa."

Mama Rasoa, ardhi ya Ruiru ni laini lakini haikunimeza. Zakayo akasoma polepole, akikunja uso pale mwandiko wangu ulipokaza. Kisha akaukunja ukurasa, akautia mfukoni.

"Baba Rasoa," akasema, "karatasi saba! Si ungeniita tu nije na tindo?"

Vibarua wakacheka. Hata wangu!

Hapo Mzee Njuguna, nyapara wa shamba, akajitokeza na fimbo yake. "Atiriri, msicheke. Mimi niliona kwa macho haya. Walikuwa wanapaka tope asubuhi mpaka saa sita. Ndiyo nikaenda kwa yule mwandishi wa barua nje ya posta, nikamwambia aandike. Tazameni ukuta! Si mwekundu?"

Ndivyo nilivyomjua mshtaki wangu: mzee wa watu ambaye sikumtaja hata kwa nukta moja katika kurasa zote saba. Habari ya kuuza simiti ilikuwa nyongeza ya yule mwandishi, apate barua yenye uzito. Lakini tope mzee alikuwa ameliona kweli. Jua lilikuwa kali, na simiti mbichi ikikauka upesi hupasuka. Niliomba magunia niyaloweshe nifunike ukuta, nikaambiwa magunia ni ya kahawa. Basi nikakumbuka ulivyonifundisha tulipojenga nyumba yetu, kwamba ukuta mbichi hupakwa tope jembamba juu, likae na maji, ule wa ndani ukauke taratibu. Nikalifunika ghala lote.

Nilifungua mdomo nieleze. Zakayo hakuningoja. Akamwambia Njuguna achague mahali, mzee akagusa kwa fimbo mara tatu. Zakayo akapiga tindo. Tope likabanduka kama ganda la yai. Chini yake simiti ya kijivu. Akapiga tena, tindo ikaruka mkononi mwake.

"Bwana," akamwambia meneja, "hii simiti haikubaniwa. Mimi mwenyewe ningeweka kidogo kuliko hii. Tope ni shuka tu la kuzuia jua."

"Mmejifunza wapi hayo?"

"Kwetu, bwana. Nilimwona mama ya Rasoa akifanya hivyo, bado msichana, kwenye nyumba ya baba yake. Alikuwa akiimba, na tope limemfika viwikoni. Ukuta ule mpaka leo hauna ufa."

Njuguna akanipa mkono. "Fundi, unisamehe. Mimi nikiona tope naita tope." Nikamsamehe papo hapo. Meneja akanipa zile nyumba, msingi tunachimba kesho kutwa.

Kwa hiyo nimeshinda. Jina langu ni safi, kibali ninacho. Zakayo nilimwomba msamaha, nikamwomba pia anirudishie ukurasa wa sita. Akapiga mfuko wake. "Huu nakwenda nao likizo mwezi ujao. Mama Rasoa lazima acheke." Ndiyo maana nakuandikia leo, uyasikie kwangu kwanza.

Nisalimie mama na umkande mguu kwa maji ya chumvi. Msalimie shemeji mwalimu, mwambie magazeti aliyoniletea nimeyamaliza na sikubaliani nayo. Salamu kwa jirani yetu anayetuchungia ng'ombe, na kwa wanangu wote, kila mtu kwa jina lake.

Zakayo akifika mpe chai, mpe na kiti, amenifanyia wema ambao mimi nisingemfanyia. Lakini usimpe kiti kinachotazama ukuta ulioukandika wewe. Na kabla hajafika unijibu jambo moja tu: siku ile kwa baba yako, ulipokuwa ukiimba, alisimama pale akikutazama muda gani?

Mumeo asiyelala vizuri,
Eliya